Wavu wa Vitunguu Sebuleni Kaloleni

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akikataa kunawa mikono mezani, ujue jambo limekataliwa. Hagombi na mtu. Anaacha tu chakula kipoe mbele yake, na wageni wanaelewa. Kwa hiyo siku binti yangu alipompeleka mchumba wake kwa shemeji, pale mtaa wa Kaloleni, Nairobi, mimi sikumwangalia kijana. Niliangalia jagi na karai.

Niliogopa kwa sababu. Kijana ni mzaliwa wa Kariokor, Nairobi hii hii, lakini kazi yake iko pwani, kwenye meli inayokokota wavu chini ya bahari kutafuta kamba, wale wenye masharubu wanaoliwa mahotelini. Naye shemeji, kabla ya kuajiriwa reli, alikuwa mvuvi ziwani, mpaka meli ya namna hiyo ikapita usiku mahali alipotega nyavu zake ikaondoka nazo. Ndiyo iliyomleta Nairobi. Baadaye meli hizo zilipigwa marufuku ziwani, ila nyavu hazikurudi. Na bila yeye hakuna wa kupokea posa, maana mume wangu hayupo, na binti alishaniambia hataolewa kwa kutoroka.

"Shikamoo, baba mkubwa," kijana akasema.

"Hiyo umeitoa Mombasa? Hapa tunapeana mkono." Akampa mkono, lakini hakucheka. "Kwa hivyo wewe ndiye unakwangua bahari."

Binti yangu akafungua mdomo. Nikamfinya.

"Nipe nafasi nikuonyeshe, mzee," kijana akasema. "Halafu useme mwenyewe kama ni kukwangua."

Akaomba jikoni ule mfuko wa wavu wa vitunguu na vifuniko viwili vya sufuria. Akapiga magoti kwenye zulia. Vifuniko, alisema, ni kama milango ya mbao na chuma: maji yanaisukuma kila mmoja upande wake, mdomo wa wavu unabaki wazi. Akavuta. Wavu ukazoa makombo ya mandazi, kandambili moja, rimoti, na kitambaa cha kufuma cha mke wa shemeji kilichokuwa kimeanguka kutoka kwenye kochi.

"Kitambaa changu!" mkewe akalia akichungulia kutoka jikoni.

"Unaona?" shemeji akasema. "Alitaka makombo, amebeba nyumba nzima."

"Ni kweli, mzee. Tunavua na visivyotakiwa."

Kisha akauinua wavu ukapita juu ya zulia bila kuligusa. Akasema kuna meli zinazovua hivyo, katikati ya maji, samaki wanaoenda kwa makundi, na tope halitibuliwi. Ila kamba wanakaa chini, kwa hiyo meli yao lazima iburute. Kama nilimwelewa vizuri. Huenda nimechanganya, sijasoma mambo ya bahari. Akachukua wavu wa waya wa kuchomea nyama, akausimamisha ndani ya mfuko: kamba wanapenya kwenye matundu, kasa anagonga waya na kutokea kwenye tundu la juu. Ndiyo sheria. Tena hawaruhusiwi kukaribia ufuo, wala kuvua usiku, na kuna miezi bahari inafungwa ili kamba wazaane.

"Ziwani pia tuliambiwa kuna sheria," shemeji akasema. "Zile meli zilisoma? Nyavu zangu ziliisoma sheria hiyo zikiwa zinaburutwa?"

Hapo mkewe akatokea mlangoni na mwiko. "Na wewe je? Si mlikuwa mkivuta juya, wavu mrefu wa matundu madogo, kutoka ufuoni, mpaka nalo likapigwa marufuku?"

"Juya letu lilikuwa la mikono!"

"Samaki wachanga walijua ni la mikono?"

Sote tukainama. Nilicheka ndani ya leso, lakini haki isemwe: juya la watu wachache wenye njaa si sawa na meli yenye injini. Na haki nyingine isemwe pia, vifaranga vya samaki vilikufa pote pawili.

Shemeji alimgeukia kijana. "Niambie ukweli. Mmeshawahi kuvuka ule mpaka wa ufuo?"

Kijana aliuweka wavu chini kwanza. Angesema hapana tu! Nani angejua?

"Nikiwa kazini, mara moja," akasema. "Nahodha alivuka. Wavuvi wa mitumbwi wakapiga kelele, wakaripoti, meli ikasimamishwa kazi kwa muda. Nyavu za watu wawili zilikatika. Mimi ndiye niliyeshika winchi ya kuvutia wavu, mzee."

Nilifumba macho. Nikajua imekwisha, na kuku niliyekuja naye nimempika bure.

"Walilipwa?"

"Walilipwa, lakini malipo yalichelewa sana. Tulienda kuwasaidia kushona zile zilizobaki."

"Wewe ulishona?"

"Vibaya. Mzee mmoja alifumua kazi yangu yote akaanza upya."

Shemeji akatoa sauti puani ambayo mwanzo sikujua ni kicheko. Akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza.

"Mimi hakuna aliyekuja kushona," akasema. Halafu akapaza sauti: "Mama, maji yako wapi? Huyu kuku anangoja nini?"

Binti yangu alileta jagi mbio, maji mengi yakaenda kwenye zulia. Hakuna aliyemkemea. Shemeji alinawa polepole, kidole kwa kidole, kisha akamsogezea kijana karai.