Firigisi ya Kubwimana

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Melania ni jinsi alivyonusa. Alifungua friji ya shangazi, akainama, akavuta pumzi mara mbili, akafunga. Ndipo akageuka kuitikia shikamoo yangu.

Ulikuwa mwaka 1998. Nilikuwa nimemaliza masomo ya teknolojia ya chakula Morogoro, nikikaa kwa shangazi Shadia, mwenye hoteli ndogo pale Kibirizi, kando ya ziwa. Mama Melania, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa mpishi wake. Yeye na mumewe, Kubwimana, walipotezana miaka mitano nyuma, wakati wa kukimbia vita. Jumapili ile alikuwa amepata barua: Kubwimana yu hai, yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, atapanda boti ya Jumatatu.

Kabla jua halijazama, jogoo wake wa pekee alikuwa amekwisha kuchinjwa na kuwekwa kwenye friji ile. Kwao, jogoo aliyechinjwa kwa ajili ya mtu haliwi mpaka mwenyewe aingie ndani na kupewa firigisi.

"Si ungengoja afike?" shangazi alimtania. "Jogoo hakuwa na haraka ya kufa!"

"Miaka mitano nimengoja, Shadia. Nilitaka mikono yangu ifanye kitu."

Jumatatu ziwa lilichafuka. Jumatano pia boti haikuja. Friji yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa. Ilipoza tu, haikugandisha. Nami, kwa bidii ya mtu aliyetoka kuhitimu, nikamweleza Mama Melania nilichosoma.

"Kuna nchi ambako kuku mbichi hufungwa vizuri, akapitishwa kwenye mionzi. Vijidudu vinavyoozesha nyama hufa kwa wingi. Akitunzwa kwenye friji, badala ya siku chache anakaa hata wiki mbili."

"Anaiva humo?"

"Hapana, anabaki mbichi."

"Na hiyo mionzi haibaki kwenye nyama?"

"Haibaki. Ukimulikwa na tochi, unabaki unawaka?"

Akacheka, kisha akaanza kufuta mikono. "Basi nimpeleke wapi, mwana wanje?" akauliza, akiniita mwanangu kwa lugha yao.

Nikaona nilichofanya. "Hapa mtambo huo haupo, Mama. Na nyama hufanyiwa hivyo ikiwa bado safi. Iliyokwisha kuharibika haiponi."

"Kasoma miaka yote hiyo," shangazi akasema, "aje atuambie dawa ipo lakini haipo!"

Alhamisi asubuhi Mama Melania alinusa mara tatu.

"Mpike leo," nikamwambia. "Kesho ataumiza watu."

Aliweka mkono juu ya mlango wa friji. "Nikimpika, ni kama nimekubali kwamba haji."



Hatimaye alimpika, tukala, naye hakuonja. Firigisi aliitia chumvi nyingi, akaichomeka kwenye kijiti, akaitundika juu ya moshi pamoja na samaki wa shangazi, migebuka. Ilikauka ikawa nyeusi, ngumu kama kokwa.

"Hii haihitaji mtambo wako," aliniambia.

Jumamosi wachukuzi walileta habari kwamba boti imeondoka Kalemie. Mama Melania alijifunga kitenge kipya, akaifunga firigisi kwenye jani la mgomba, akateremka ufukweni. Nilimfuata. Mtu mmoja alisema anasikia injini. Mimi nilisikia mawimbi tu. Mama Melania alikuwa amekwisha kuingia majini mpaka magotini, jani ameliinua juu lisilowe.