Kito Nilichochimba Nilikuwa Nakijua

Nimechimba kito ardhini nikakuta ni cha marehemu mama yangu.

Tulieni niwasimulie.

Kaka yangu alichoka kuona mimi na mkewe hatusalimiani. Akatulipia safari ya mgodini, zile ambazo mnapewa sururu na chekeche, mkipata kito ni chenu.

"Mkachimbe, na mkaongee," alisema.

Ugomvi wenyewe? Mama alipofariki, pete yake yenye kito cha kijani haikuonekana. Wifi ndiye aliyekuwa akimuuguza. Nikasimama msibani, ukoo mzima umekaa, nikamwita mwizi.

Hakujibu. Mimi nikaona huo ndio ushahidi.

Basi mgodini kila mtu akashika kona yake. Jua linachoma, mgongo unauma, mdomo nimeubana. Nikachekecha udongo, kikabaki kitu cha kijani.

Kilikuwa kimeshakatwa na kung'arishwa. Pembeni kina pengo. Pengo hilo nililitia mimi, nina miaka sita, nilipoigonga pete ya mama kwa nyundo.

Nikamwita kiongozi wa msafara. Akababaika.

"Dada, mgodi huu uliisha zamani. Tunanunua vijiwe kwa sonara tunavifukia, mgeni asirudi mikono mitupu. Huwa ni vile ambavyo havijakatwa. Hiki kimepita kwa bahati mbaya."

"Sonara aliuziwa na nani?"

"Na mama," wifi alijibu nyuma yangu. "Nilimsindikiza mimi."

Nikageuka.

"Cherehani yako uliambiwa imetoka kwa nani?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba yupi, yule bahili? Mama aliuza pete akakununulia. Akaniapisha nisikwambie, maana ungeirudisha cherehani dukani."

Miaka mitatu nakula kwa cherehani ile, na miaka hiyohiyo namchafua aliyetunza siri ya mama.

Nikapiga magoti kwenye udongo. "Wifi, nisamehe."

Akajipangusa mikono taratibu. "Mwizi uliniita mbele ya watu. Hapa pana nani?"

Akaenda kukaa garini.

Kito nimempelekea. Amekipokea dirishani, mlango hajanifungulia.

Ndiyo maana naandika hapa, ambapo ukoo wote mnasoma. Wifi yangu hakuiba. Mkosaji ni mimi.

Na wewe mwingine, ukimtuhumu mtu akanyamaza, usishangilie. Huenda anakusitiri wewe.