Namba Niliyomnyima Ndugu Yangu

Nimewafungulia namba watu ambao hata salamu hawanijibu. Maprofesa, wahadhiri, wanafunzi wa uzamili wanaonisemesha huku wakitafuna chingamu, wote nimewaketisha mbele ya kompyuta ya maktaba ya chuo ninakofanya kazi, nikawafungulia. Ndugu yangu sikumfungulia. Nalisema hili mapema, kabla sijaanza kutafuta wa kulaumu, maana najijua.

Namba yenyewe ni hivi. Mtafiti hujisajili kwenye huduma fulani ya mtandaoni, akapewa tarakimu ambazo ni zake peke yake. Abadili kazi, aolewe, ahame nchi, namba haibadiliki. Kila makala anayoandika inafungwa kwenye hiyo namba. Makala nayo ina namba yake, chuo pia kina yake, ili mtu aliye mbali akitafuta ajue nani aliandika nini, na akiwa wapi. Kuifungua ni dakika tano. Haki ya nani, dakika tano!

Ndugu yangu aliihitaji kuliko wote. Wazazi wetu walitoka Murang'a, na kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Baba akampa mwanawe jina la babu, la ubatizo na la ukoo. Ndugu ya baba naye akampa wake vivyo hivyo. Tukawa na wanaume wawili wa jina moja, herufi kwa herufi. Nyumbani haikutusumbua. Tulisema wa Mbotela, yaani ndugu yangu, na wa Eastleigh, yaani binamu. Lakini kompyuta haijui mtaa wa mtu, na hao wawili wote walikuja kuwa watafiti. Binamu ni mhadhiri. Ndugu yangu alikuwa mkaguzi wa nyama kwenye machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, na miaka yote hiyo alikuwa akiandika daftarini habari za homa inayowashika wachinjaji wa mbuzi. Wikendi zake ziliishia huko, akiwauliza watu maswali huku wakichuna ngozi. Walimcheka, wakamwita daktari wa mbuzi, naye akacheka nao.

Alipoanza kuyageuza madaftari yale kuwa makala, na mambo ya kujisajili mtandaoni yakimtatiza, akaniambia, "Siz, nifungulie ile namba unayowafungulia wasomi."

Nikamwambia, "Wewe ni wa nyumbani, ngoja kwanza."

Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija, anapakuliwa kwanza, tena minofu. Wa nyumbani mnangoja jikoni, mkila kilichobaki, wala hamnuni. Chuoni nilikuwa na foleni ya wageni kila siku, na yeye tulikuwa tukikaa nyumba moja, nyumba ya mama. Nitamfungulia jioni yoyote, nilijiambia. Aliniuliza mara ya pili nikipiga pasi, nikamfokea, "Ai, wewe! Kwani makala itaoza?" Akasema sawa tu. Hakuuliza mara ya tatu, nami nikadhani amesahau. Ukweli ni kwamba nilifurahi amesahau.

Kisha figo zikamgeuka. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena, na hatukuzungumza habari za makala. Tulizungumza kuhusu maji, kiasi gani ameruhusiwa kunywa. Aliaga asubuhi moja mama akiwa ametoka kununua uji. Baada ya mazishi nilipeleka kitambulisho chake kwa chifu, kama inavyotakiwa, nikatoka mle ofisini nikiwa sina hata kipande cha karatasi chenye jina lake.

Mwaka tangu tumzike ulipokaribia kwisha, mama akataka ibada ya kumbukumbu. Akaniambia, kwa jina alilozoea kuniita, "Mami, kwenye kile kijitabu cha ibada weka kazi zake. Watu wa kanisa wanadhani alikuwa wa kupiga mihuri nyama tu. Weka ile ya homa."

Nikakaa kazini, nikaitafuta. Makala ilikuwa imetoka kweli, ilitoka wiki chache baada ya kumzika. Jina lake lilikuwa pale juu, na kando ya jina kile kialama kidogo cha namba. Kumbe alijifungulia mwenyewe, nikawaza. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa wa binamu. Chuo chake, shahada zake, makala zake, na katikati ya hizo, homa ya wachinjaji wa Kiamaiko, kazi ambayo binamu hakuwahi kuikanyagia hata tope la machinjioni.

Mori ulinipanda. Mwizi! Anamwibia maiti!

Kwanza nilijaribu kumfungulia ndugu yangu namba yake. Huduma ile ikanijibu kwa upole kwamba namba hufunguliwa na mwenyewe akiwa hai, na marehemu hafunguliwi. Nikawaandikia wahariri wa jarida. Wakasema marekebisho ya namba lazima yaombwe na mwandishi. Nikawaandikia kwamba mwandishi amekufa. Wakasema poleni sana.

Basi Jumamosi nikamwendea binamu kwake Eastleigh, sijabisha vizuri nimeshaanza. Nikamtolea uvivu, mke wake akisikia, majirani wakisikia. Nikamwambia alizaliwa kwenye vitabu, ana makala za kutosha, mbona akaona ya fukara wa Kiamaiko ndiyo tamu. Nikamwambia babu angemlaani. Binamu alichukua simu yake, akatafuta kwa muda mrefu, akanipa.

Ulikuwa ujumbe wa ndugu yangu, wa ile wiki aliyolazwa mara ya mwisho.

"Niaje bro. Jarida linataka namba leo leo, bila hiyo hawapokei. Nipe yako niweke, jina si ni moja. Nikipona nitabadilisha. Siz ana watu wengi, sitaki kumsumbua tena."

Niliusoma nikiwa bado nimesimama. Nikausoma tena. Binamu akasema, "Dada, nilimpa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Naweza kuiondoa kwenye ukurasa wangu sasa hivi, lakini pale kwenye makala namba yangu itabaki. Nifanye nini?" Nilimrudishia simu yake. Hata msamaha sikumwomba. Niliteremka ngazi, nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa akichambua mchele nilipofika. Akauliza kama nimeipata. Nikamwambia ipo, lakini imeandikishwa kwa namba ya mtu mwingine, ukiitafuta anatokea yeye, na haibadiliki tena, haiwezi kuingia kwenye kijitabu bila watu kuuliza maswali. Mikono yake ikatulia kwenye ungo. Akaniuliza ni nani aliyemfanyia mtoto wake hivyo.

Nikamwambia ni kompyuta, mama.

"Hizo kompyuta hazina roho," akasema, "heri yeye alikuwa na wewe." Kisha akanisogezea ungo nimsaidie.