Mvivu wa Kwenye Kitambaa Cheupe

Mimi kukaa mahali pamoja sijui. Hata sasa nikiandika haya nimeshainuka mara kadhaa kuchungulia mlangoni, na hakuna mtu ninayemngoja. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alisema nilizaliwa njiani akitoka mtoni kuchota maji, ndiyo maana. Kama ni kweli au alikuwa ananichokoza tu, sijui. Baba alikuwa amekufa, nami nilikuwa mwanawe wa pekee, na nilipopata tu nauli ya Nairobi, nikaenda.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, serikali ilitengeneza sinema fupi za kufundisha wakulima. Gari lilizunguka masokoni na jenereta na kitambaa cheupe. Jioni watu wanaketi chini, wanaonyeshwa jinsi ya kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, kunyunyizia pamba dawa, kuchemsha maji. Mimi nilikuwa nawabebea wapiga picha vyombo vyao. Siku moja, tukiwa Matinyani huko Kitui, mtu aliyepaswa kuwa mkulima mvivu hakutokea. Mwelekezi wa sinema, Mzungu mmoja mwenye haraka, alinitazama nilivyoegemea gari nikipiga miayo, akasema basi, huyu huyu.

Nikawa mvivu. Nililala kivulini kofia usoni, kibuyu cha pombe kando, mvua ikaja ikalichukua shamba langu likaenda mtoni. Nilikuwa na mke, mwalimu wa huko aliyekubali kuigiza, na watoto wawili wa jirani waliolia njaa. Walilia kweli kweli, tulikuwa tumewasugulia kitunguu karibu na macho. Niliipenda kazi ile, wacha niseme ukweli. Kamera ikinielekea ndipo pekee miguu yangu ilipotulia.

Filamu ikazunguka. Ikafika Kasikeu, sokoni kwetu, ikaendelea hadi Tawa. Na watu wetu hawakuona mwigizaji. Waliniona mimi, wakaona mke wasiyemjua, na watoto, na shamba huko Kitui ambalo ukoo haukuwa na habari nalo. Nilipokuja nyumbani Krismasi niliwakuta wazee wa ukoo wameketi uani wananingoja. Shtaka: nimeoa kimya kimya bila hata mbuzi mmoja kupelekwa kwa wakwe, tena nawalaza njaa watoto wa ukoo. Nikaeleza kwamba yule mwalimu ana mume wake na wale watoto wana baba yao. Mzee mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema machozi ya wale watoto ameyaona kwa macho yake mwenyewe, nisimfanye mjinga. Nikatozwa mbuzi. Akachinjwa, na wakanipa mbavu nile nao. Nilizitafuna kwa hasira.

Lakini mbuzi si kitu. Mwaitu alikuwa mlangoni mwa jikoni akichagua maharagwe, na muda wote ule hakuinua uso. Kanisa lake lilihesabu sinema pamoja na dansi na pombe, mambo ya dunia, na yeye alikuwa kiongozi wa akina mama. Wazee walipoondoka nikaanza kumweleza, akanikatiza.

"Habari ya sinema hiyo isitajwe katika nyumba hii."

Kesho yake sokoni nikasikia watoto wakimwita mama wa mvivu. Alipita tu, kiondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Wee, niliumia. Nikajiapiza hapo hapo: nitatengeneza sinema yangu mwenyewe, ya watu wanaofanya kazi, na mama yangu ataitazama akiwa ameketi mbele, bila aibu.

Kusema ni rahisi. Nairobi walinicheka. Sura yako ni ya mvivu, waliniambia, na wavivu wanatafutwa. Miaka mingi nikawa mvivu wa kila namna: anayekataa mtoto achanjwe, anayeuza mbegu ili anywe, asiyechimba choo. Kila moja ilizunguka Ukambani, na kila moja ilikuwa msumari juu ya kidonda. Nyumbani nikaacha kwenda. Krismasi natuma sukari na leso, mwenyewe siendi. Nilihama chumba, nikahama mtaa, kulala silali, kukaa sikai. Huku najifunza: kamera inashikwa vipi, mwanga uangukie wapi, filamu inakatwa na kuunganishwaje. Nikamsumbua mkubwa wangu mpaka akachoka nami. Katikati ya miaka ya sabini, baada ya ukame mbaya, akanipa kamera, watu wawili na filamu kidogo, akasema nenda kwenu ukaifanye hiyo sinema yako, iwe ya mitaro, unipumzishe.

Nikaenda kwenye kilima kimoja karibu na Tawa, kwa akina mama wa mwethya, wale wanaochimbiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, wakiimba. Walichimba vizuri ajabu, ila kamera ilitikisika. Nikawaambia wafukie mtaro, waanze upya.

Walinitazama kana kwamba nimewatukana. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu, akaweka jembe chini akaniambia mtaro ukishachimbwa umechimbwa. Kufukia mtaro ni kazi ya adui, na mimi je, ni adui? Nilibembeleza, nikafoka, nikatupa kofia chini. Wapi! Mwishowe nikaelewa kwamba nikitaka tena, mwenye kusogea ni mimi na kamera yangu, hadi pale pasipochimbwa. Tukasogea. Nikikosea, tunasogea. Wingu likifunika jua, tunasogea. Na kwa kuwa mimi siridhiki upesi, nilikosea sana. Tulipomaliza, kilima kizima kilikuwa na mitaro juu hadi chini, na mwenye shamba la chini kabisa, ambaye hata hakuwa wa kikundi kile, alikuja kunishukuru.

Katika filamu ile mvivu hakuna. Mimi sikutokea hata kivuli. Palipokuwa na kivuli changu nilikata.

Ikaonyeshwa Kasikeu. Kwa sababu ilihusu kazi, na kwaya ya kanisa iliimba ndani yake, mchungaji mwenyewe aliomba kabla jenereta haijawashwa. Mwaitu alikuja na kigoda chake na leso mpya, akaketi mbele kabisa. Sikuitazama filamu, nilimtazama yeye. Watu walipiga makofi, akina mama vigelegele. Yeye alinyoosha shingo, akiangaza huku na huku kwenye kitambaa, kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika kundi la wenzake.

Ilipoisha nikachuchumaa kando yake. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nyuma ya kamera, mimi ndiye mwelekezi, wote wale walichimba kwa neno langu.

"Kumbe wao walichimba, wewe ukasimama," akasema.

Waliokuwa karibu wakacheka hadi kushika mbavu. Mimi sikucheka. Miaka yote ile ya kuhangaika, na mvivu bado ni mimi.

Watu walipoanza kutawanyika akanivuta mkono, akaninong'oneza mchungaji asisikie. Ile ya mvivu aliitazama. Alisimama nyuma ya kinu cha kusagia unga, leso imefunika uso. Na gari lilipokwenda Tawa, akalifuata kwa miguu. Ya chanjo aliiona, ya choo pia. Nikamuuliza aliwezaje kuzifuata zote, na zilikuwa zikimwaibisha vile.

"Ulikuwa huji," akasema. "Pale nilikuwa nakuona. Umekonda, nimejua. Umenenepa, nimejua. Leo nimekuja mpaka mbele, na hukuwepo."

 Nilikibeba kigoda, tukaenda nyumbani polepole, na sikuharakisha kurudi Nairobi.

Filamu nilizoelekeza baada ya siku ile, kila moja ina mwanamume mwenye sura ya mvivu anayekatiza nyuma ya watu, hana kazi yoyote katika hadithi, kisha anageuka na kutazama kamera moja kwa moja, jambo ambalo kila mwigizaji hukatazwa. Wakubwa waliniambia nimwondoe. Sikumwondoa. Anatembea taratibu, kwa sababu macho ya mwaitu yalikuwa yameanza kuchoka.