Kopo la Ndoano za Manyoya

Nikilifungua kopo hili, harufu ya kwanza kunifika ni ya kafuri. Nikingoja kidogo inakuja ya pili, ya manyoya ya kuku yaliyokaa gizani miaka mingi, na hapo huwa nimeshalifunika. Ni kopo la biskuti tu, la bati, limeshika kutu pembeni. Ndani mna ndoano ndogo ndogo zilizovishwa manyoya na nyuzi za rangi, kila moja ikijifanya mdudu. Wanangu wanadhani ni mapambo. Nitawaambieni nyinyi kwanza, maana wao bado sijaweza kuwaambia.

Zilikuwa za Ami Khalfan, mdogo wake baba. Mimi nimezaliwa Ibra, Oman, lakini yeye alikulia milimani Kenya, dukani kwa babu, na huko alifundishwa na Wazungu wa mashamba ya chai kuvua samaki wa mito baridi kwa wadudu wa uongo. Alirudi Oman mtu mzima, na mguu wa kushoto uliovunjika katika ajali ya gari ukaungwa vibaya. Alipata kazi ya ofisini, akapata gari, akapata kila kitu isipokuwa mto. Chumbani kwake ilining'inia kalenda iliyopitwa na miaka, yenye picha ya samoni akiruka maporomoko kwenda juu kutaga mayai.

"Huyu anarudi kwao," aliniambia mara nyingi. "Hajali kama kutamuua."

Siku aliyosikia kwamba katika wadi za Dima wa Tayyin, wilaya ya jirani, mna samaki wa shibiri moja, nao baada ya mvua hupanda maji kutafuta kokoto safi za kutagia, alifurahi kama kijana aliyejibiwa posa. Wadi ndiyo mto wetu: mwaka mzima ni mawe na vidimbwi, mpaka mvua inyeshe majabalini. Basi Ami akaanza kutengeneza ndoano. Nyuzi alizichukua kwenye mkoba wa kushonea wa Bibi, na manyoya kwa jogoo wa jirani, ambaye baadaye alikuwa akisikia ule mwendo wa kuchechemea tu anapanda ukutani. Baba alicheka sana. Watoto wa kule samaki hao waliwavua kwa kitambaa, alisema, na mwenzetu anawashonea nguo.

Bibi, mama yake mama, mzaliwa wa Unguja, hakucheka. "Samaki mwenye mayai haandamwi," alisema. "Na hiyo wadi, wanangu, haipigi hodi."

Tulikwenda Ijumaa baada ya sala, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mimi darasa la nne. Mvua kubwa ilikuwa imeshapita, maji yametulia. Baba aliliacha gari juu ya ukingo, akawasha moto wa chai. Mimi na Ami tuliteremka taratibu, maana mguu wake haukupenda mawe. Kila penye jiwe kubwa nilimpa bega langu. Alikuwa amevaa kama alivyovaa Kenya, kofia ya kitambaa na wavu mdogo wa mpini umening'inia mgongoni.

Nakumbuka jua kali na anga safi juu yetu. Mbali, nyuma ya majabali, palikuwa na weusi kidogo. Samaki walikuwepo kweli, migongo yao ikipita kokotoni. Ami alirusha uzi, ndoano ikatua juu ya maji kama inzi, na hakuna aliyeitazama. Akabadilisha ndoano. Akabadilisha tena. Mbuzi waliokuwa wakila majani ng'ambo walianza kupanda jabali, bila mchungaji kuwafukuza, na nikaona tu kwamba pamekuwa kimya.

Kisha maji yakabadilika rangi, yakawa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo.

"Alhamdulillahi!" Ami alisema. "Sasa watakula. Mto ukianza kuchafuka, samaki hutoka. Tazama!"

Na walitoka. Waliacha kina, wakajaa pembeni kwenye maji mafupi, karibu na miguu yetu, wengi kuliko nilivyowahi kuona. Ami alicheka kwa sauti. Yakaja majani makavu. Yakaja mavi ya mbuzi, na povu la hudhurungi, na harufu ya vumbi lililorowa, na juu yetu jua liko palepale.

Kicheko kikakatika. Alitazama juu wadini, akautazama ukingo, akautazama mguu wake. Halafu akanitazama mimi, akatabasamu.

"Mama," alisema polepole, ndivyo alivyoniita akinidekeza, "kimbia garini kaniletee wavu. Na kopo hili chukua, lisirowe. Yallah, mbio, usigeuke, nataka nione kama una mbio kuliko mbuzi."

Nilipanda nikishindana na mbuzi. Nilifika juu nikihema, kopo kifuani.

"Baba, Ami anataka wavu."

Baba alikuwa na birika mkononi. "Wavu gani? Wavu si anao mgongoni?"

Hapo ndipo tuliposikia. Ilikuwa sauti ya mawe yakisukumwa na maji, kama malori mengi yanamwaga kokoto kwa pamoja. Baba aliangusha birika, akakimbilia ukingoni akiita jina la ndugu yake. Mimi nilimshika kanzu.

Wanaume wa kijiji walimpata kesho yake, mbali sana chini. Bibi hakusema, "Niliwaambia." Alinikumbatia akasoma Kurani, akasoma mpaka nikalala.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Ami yangu alikuwa msahaulifu. Nilimwonea huruma: mtu mzima anatafuta wavu alioubeba. Nimekuwa mama ndipo nilipoelewa. Mito aliyoijua yeye hujaa kwa mvua unayoiona, na maji machafu kule ni neema. Alipotambua kwamba hapa sivyo, ulibaki muda wa miguu mizima tu. Angenipigia kelele, ningeogopa. Ningefanya nilivyofanya kwenye kila jiwe siku ile.

Ningebaki kumpa bega.