Siku ya Kumwita Binti Yangu

Matibabu yalipoisha nilirudi nyumbani Yamumbi bila titi la kushoto, bila nyusi, na bila uwezo wa kukumbuka nimeingia jikoni kufanya nini. Titi nilikuwa nimeshaliaga. Nyusi zilirudi, nyembamba kuliko zile za awali lakini zinatosha kumkunjia mtu uso. Kichwa ndicho kilichochelewa. Daktari aliniambia dawa za saratani huwafanyia wengi hivyo, kwamba maneno yatakuwa yakipotea na kurudi, nisijilazimishe. Nilimshukuru kwa ushauri, nikatoka, nikaacha kibeti changu kwenye kiti chake.

Mume wangu alilifanya jambo hili kuwa mzaha wa kila siku, nami nilimwachia, kwa sababu wakati wa matibabu nilikuwa nimemwona akilia na sikutaka kumwona tena hivyo. Siku moja nilitengeneza mursik. Kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa laini kabla ya kutiwa maziwa yagande. Nilisugua, nikaenda kuanika nguo, nikarudi nikasugua tena, na sina hakika kama niliishia hapo. Maziwa yalipokuwa tayari yalimiminika na rangi ya lami. Alikunywa kikombe kizima, akapangusa midomo iliyokuwa myeusi tititi, akasema, "Mama watoto, hii ya leo iko na nguvu." Nilicheka mpaka kovu likaniuma.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikunichekesha. Binti yetu mkubwa alikuwa anaposwa. Nyumbani kwetu, siku ya koito, yaani ya posa, wageni wa upande wa mvulana wakishaketi na wazee wakishaulizana koo zao, mama mzazi husimama mlangoni na kumwita binti kwa jina lake la nyumbani. Binti hutoka, akaulizwa mbele ya wote kama anawajua watu hawa. Nyanya yangu alimwita mama yangu hivyo, na mama yangu akaniita mimi. Nilipokuwa nimelala wodini na drip mkononi, siku hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiwaza. Nilijiambia nikifika hapo, mengine yote nitayasamehe.

Wiki moja kabla ya wageni kufika, dada mkubwa wa mume wangu alikuja kutuona. Ni mwalimu mstaafu ambaye bado anaongea kana kwamba sisi sote tuko darasa la pili. Alikunywa chai yake, akasafisha koo.

"Umepitia mengi, wifi. Hiyo kazi ya kuita mtoto, wacha mimi nifanye. Wewe ukae tu upumzike."

"Nimepumzika mwaka mzima."

"Si unajua vile unasahau siku hizi? Juzi umeniita na jina ya ng'ombe."

Ilikuwa kweli, ingawa huyo ng'ombe ndiye anayetupa maziwa mengi kuliko wote. Nilimgeukia mume wangu anicheke kama kawaida yake. Alikuwa anatazama sakafu. Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua wameshalizungumza jambo hilo nikiwa sipo.

"Nilimzaa mimi," nikasema. "Nitamwita mimi."

Wageni walifika kutoka Ainabkoi magari yao yakiwa yamepakwa matope hadi madirishani, wakaketi chini ya hema uani. Mimi nilikuwa nimekatazwa kugusa vibuyu. Wazee waliulizana koo kwa utaratibu wao, yaani bila haraka yoyote. Kisha wakanyamaza, wakanitazama. Nikasimama mlangoni, nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Jina lake la ubatizo nililikumbuka vizuri kabisa, lakini hilo ni la kanisani na la vyeti, na mbele ya wazee haliiti mtu. La nyumbani lilikuwa limeondoka bila kuniambia linaenda wapi. Nilifunga mdomo, nikaufungua tena. Nilimwona wifi yangu akikusanya leso yake, akianza kuinuka. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu mkali zaidi. Niliwaza kwamba ugonjwa ulichukua titi nikakubali, na sasa unanichukulia mtoto.

Kwetu jina la nyumbani husema mtoto alikuja wakati gani: mvua ikinyesha, ng'ombe wakirudi, au kukicha. Jina nilikuwa nimelipoteza, lakini siku yenyewe nilikuwa nayo yote. Basi nikaanza na ile niliyokuwa nayo.

"Wazee wangu, kabla niite huyu msichana, wacha niwaambie vile alikuja. Siku hiyo nyumba ilijaa wageni kutoka Soy, na hakuna mtu alituambia wanakuja. Napika chai na tumbo iko mbele. Uchungu ikanishika nikiwa na birika mkononi. Nikashika ukuta. Mgeni mmoja, bibi harusi wa juzi juzi, akaniuliza kama kuna sukari ingine."

Hema zima likaangua kicheko. Wifi yangu aliketi tena, polepole, kwa sababu mgeni huyo alikuwa yeye, siku alipomleta mumewe kutusalimia.

"Nikamwambia sukari iko kwa kabati, na mtoto yuko njiani, achague atanisaidia na gani. Akaenda kwa sukari."

Akina mama wa Ainabkoi walikuwa wanajifuta macho. Wifi mwenyewe alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Nikaendelea, nikawaambia jinsi mume wangu alivyotumwa kumwita mkunga, naye akarudi na mchungaji wa kanisa, kwa kuwa huyo ndiye aliyekutana naye kwanza.

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Binti yangu hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Alikuwa ametoka bila kuitwa, mkono mdomoni, anacheka na machozi yanamtoka. Nilipouona uso wake jina likarudi, lote, bila kuulizwa.

Sikulitaja. Mzee mmoja wa upande wa mvulana alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, mkono sikioni.

"Na hao wageni wa Soy," akauliza, "chai walipata?"

Jina lingengoja kidogo, maana mimi nami nilikuwa nimelingoja. Nilivuta pumzi nikatazama hema lote, watu wakiwa wametulia kusikiliza ninalosema, na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa akinihurumia.