Mkoromo wa Msafiri

Mwanasiti wa Mwera alikuwa mpole, waliokua naye watakwambia. Lakini kwa zile siku tano za mwaka hamsini na sita upole ulimwisha wote, na mimi simlaumu hata chembe.

Mwanawe Msafiri, wa miezi minane, alishikwa na dondakoo. Hospitalini Tanga wakamtoboa shingoni, wakamtia kibomba cha kupumulia. Alipopata nafuu kibomba kikatolewa, na daktari akamwambia mama kwa kituo: "Akikoroma akilia, si neno. Akikoroma kalala, mbavu zikabonyea, mrudishe siku ile ile."

Siku ya tatu nyumbani, mtoto akakoroma kalala. Mwanasiti akamfunua kifua. Mbavu zabonyea.

"Turudi Tanga," akasema.

"Ala! Si juzi tu mmetoka huko?" akajibu mavyaa yake, Bi Saleha. "Hicho kimeo. Kikatwe, yaishe."

Mumewe, Shehe, akatazama miguu yake. "Mama kashasema."

Basi akangojwa Mzee Mwinyijuma, mkata vimeo. Leo hakuja, kesho ana harusi, kesho kutwa mvua. Mwanasiti akasema, akalia, akapiga kelele. Akambeba mwanawe atoke peke yake. Shemeji wakamrudisha njiani kama mwizi wa kuku. Majirani nao, hospitali imemharibu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, methali hiyo wote wanayo mdomoni. Nani aliyemsikiliza?

Siku ya tano ya mkoromo mzee akafika na mkoba wake. Akamfumbua mtoto kinywa, akachungulia, kisha akatega sikio kwenye kovu la shingo. Wembe hakuutoa.

"Kimeo hakina neno. Sauti yatoka huku chini, palipotobolewa. Mrudisheni Tanga, hima!"

"Subhanallah! Mwangoja nini?" Bi Saleha akaruka. "Hamkusikia?"

Shehe alikuwa keshatoka mbio kutafuta lori. Mwanasiti akafunga mbeleko kwa hasira. Maneno yale yale, siku tano!

Huko Tanga kibomba kikarudishwa. Mkoromo ukakatika, mtoto akalala. Daktari akamgeukia mama, uso kaukunja.

"Nilikwambia siku ile ile. Mbona umekaa siku tano?"

Shehe akajikohoza, akataka kujibu. Mwanasiti akamtangulia.

"Mimi nilisema siku ile ile, bwana daktari. Muulize huyu alikuwa akimngoja nani aseme."